Gari Dogo Limefika Kijijini, Barabara Bado

Ukipita katika shule ya upili yoyote kati ya Lurambi na Khwisero siku ya kazi, tupa jicho chini ya miti iliyo karibu na ofisi ya mwalimu mkuu. Zamani ungekuta baiskeli za walimu na pengine pikapu moja ya Peugeot 504. Siku hizi zimepangwa Vitz, Passo, Demio, March, na hapa na pale Alto moja, zimerukiwa na tope hadi kwenye vioo vya pembeni. Ni hivyo hivyo katika maegesho ya hospitali kuu ya kaunti, langoni mwa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, na nje ya makanisa siku ya Jumapili. Mwalimu, muuguzi, karani wa kaunti, mama mwenye duka la jumla: hawa ndio wenye magari haya. Yaliundwa kwa ajili ya lami laini na maegesho finyu. Lakini mtu wa Kakamega anayeishi Amalemba au Kefinco ana boma mashambani, ana mama huko, ana mahindi huko, ana matanga ya kuhudhuria karibu kila wikendi, na gari alilonunua ni sharti limfikishe.

Nasema bila kusita kwamba gari dogo ndilo linaloifaa Kakamega, na kwamba nyingi ya lawama tunazolitupia ni za barabara na za kodi. Si zote. Ziko lawama ambazo ni zake lenyewe na hakuna fundi wa kuziondoa, nazo nitazisema kwa sababu zinaua watu.

Tuanze na hesabu, maana mwenye mshahara huanzia hapo. Chukua mwalimu anayelala mjini na kufundisha upande wa Butere, tuseme kilomita 60 kwa siku kwenda na kurudi. Vitz ya cc 1000, ikiendeshwa kwa utulivu na kufanyiwa sevisi kwa wakati, hutembea kilomita 15 hadi 18 kwa lita katika barabara zetu. Tushike 16. Hiyo ni chini kidogo ya lita nne kwa siku, na petroli ikiwa shilingi 180 kwa lita, inamgharimu shilingi 675. Kwa siku 22 za kazi ni shilingi 14,850. Mwenzake mwenye gari kubwa la juu linalotembea kilomita 8 kwa lita hulipa maradufu, shilingi 29,700. Kwa miezi kumi ya kazi tofauti yao inakaribia shilingi 150,000. Kwa kiwango cha shilingi 53,554 ambacho Wizara ya Elimu iliwekea shule za kitaifa za bweni, fedha hizo husomesha watoto wawili mwaka mzima na kubakiza za sare, vitabu na nauli.

Watu hawakuanza kupiga hesabu hii kwa kupenda. Mwaka 2023 Sheria ya Fedha ilipandisha kodi ya ongezeko la thamani kwenye mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16, na kufikia Oktoba mwaka huo lita ya petroli jijini Nairobi ilikuwa shilingi 217.36. Tangu wakati huo tarehe 14 ya mwezi, siku ambayo mamlaka ya EPRA hutangaza bei mpya, imekuwa siku ya roho mkononi kwa kila mwenye gari. Mwenye gari la cc 1000 hutetemeka kidogo kuliko wenzake. Huo ni uhuru wa aina yake.

Magari haya hutufikia kwa sababu ya sheria za nchi mbili. Japani, gari jipya hukaguliwa baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miwili, na gharama za ukaguzi huo humfanya mwenyewe aone afadhali aliuze. Kenya nayo hairuhusu gari lililotumika kuingia likiwa limepita miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Katikati ya sheria hizo ndipo Vitz ya mwalimu wetu inapopatikana: imetumika vya kutosha hata bei ikashuka, haijazeeka kiasi cha kukataliwa Mombasa. Wengi huinunua kwa mkopo wa Sacco. Sisi hapa tuna Invest and Grow, iliyozaliwa kama chama cha akiba cha walimu wa Kakamega. Gari dogo ni tunda la akiba ya watu wa kipato cha kati na cha chini, wala halikuletwa na tajiri wala na serikali.

Huwa naumia nikisikia likidharauliwa kuwa gari la wanawake, au gari la mtu ambaye hajafika. Watu wanaosema hivyo hawajui wenye kuliunda walivyolitumia. Kule Japani, magari madogo kabisa, yale wanayoyaita kei, yana injini isiyozidi cc 660, urefu usiozidi mita 3.4 na upana usiozidi mita 1.48. Suzuki Alto na Daihatsu Mira zimo katika ukoo huo. Ukihesabu magari ya kei kwa kila kaya, Tokyo iko mkiani. Yamejaa mikoani, kwa wakulima wa mpunga na wazee wanaokwenda kliniki, kwa sababu huko treni ni haba na njia za mashambani ni nyembamba. Ufaransa nayo, kampuni ya Citroën ilipoanza kuunda 2CV katika miaka ya 1930, agizo lilikuwa gari la mkulima: libebe watu na gunia la viazi la kilo 50, lipite shamba lililolimwa bila kuvunja mayai kwenye kikapu. Vita vikachelewesha kazi. Lilipotoka mwaka 1948 lilikuwa na injini ya cc 375 tu, na liliendelea kuundwa hadi 1990.

Kwa hiyo udogo na shamba havigombani. Tofauti kati yetu na mkulima wa Nagano, kule Japani, ni kwamba njia yake nyembamba ina lami na mtaro.

Hapa petu, milimita zipatazo 2,000 za mvua hunyesha kwa mwaka, na mara nyingi hunyesha alasiri, saa zile zile watu wanapotoka kazini. Acha lami popote upande wa Shinyalu, Malava au Navakholo mwezi wa Mei, uone udongo mwekundu unavyogeuka utelezi ndani ya nusu saa. Tumbo la Vitz liko sentimita 14 au 15 hivi juu ya ardhi likiwa halina mtu. Tia watu wanne, linashuka. Matairi ya malori yamechimba mifereji miwili, katikati kumebaki kigongo, na kigongo hicho ndicho kinachokwangua sampu. Gurudumu la inchi 14 huzama katika shimo ambalo gurudumu la inchi 17 hulipita juu juu. Rimu inapinda, bushi zinaisha, na mwenye gari anaambiwa na jirani kwamba angenunua gari la maana.

Mafundi wetu wa jua kali wamejitafutia dawa. Huweka spesa juu ya shoki ili mwili unyanyuke, huvalisha tairi kubwa kidogo, na hufunga bati nene chini ya sampu. Bati ni jambo jema, na kila mwenye gari dogo anayekwenda kijijini alifunge kabla ya mvua. Spesa ndefu sizishauri. Zinazilazimisha shafti za mbele kufanya kazi katika pembe ambazo hazikuundiwa, viungo vinaisha mapema, na gari linayumba zaidi kwenye kona kuliko mwenyewe anavyotarajia. Mtu anatengeneza gari upya ili likubaliane na barabara mbovu ambayo tayari ameilipia.

Ameilipia kweli. Tangu Julai 2024 kila lita ya petroli hutozwa shilingi 25 za kutunza barabara, kutoka 18 za awali. Mwalimu wetu wa Butere, kwa lita zake zisizofika nne kwa siku, huchangia zaidi ya shilingi 2,000 kwa mwezi. Sasa tazama ni nani anayeivunja barabara. Majaribio makubwa yaliyofanywa katika jimbo la Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960, yalionyesha kwamba uharibifu hukua takriban kwa kipeo cha nne cha uzito unaobebwa na ekseli. Ekseli ya Vitz hubeba nusu tani hivi. Ekseli ya lori iliyopakiwa tani nane, mzigo ambao sheria ya Afrika Mashariki inauruhusu, ina uzito mara 16 ya huo. Pandisha 16 kwa kipeo cha nne, unapata 65,536. Lori nalo hulipa ushuru huo kwenye dizeli yake, lakini hakuna lori linalokunywa mafuta mara elfu kadhaa ya Vitz, seuze elfu sitini. Ni hesabu ya makadirio, na barabara ya udongo haifuati kanuni hiyo kikamilifu. Hata ukiipunguza mara mia, bado mwenye gari dogo ndiye anayelipia mashimo ambayo hakuyachimba, kisha mashimo hayo yanamvunjia gari.

Serikali ya kaunti, tangu enzi za Wycliffe Oparanya, imetia lami baadhi ya barabara zake, na anayepita hapo anaona faida yake siku ya mvua. Lakini tangu 2024 magavana na wabunge wamekuwa wakivutana juu ya shilingi bilioni 10.5 za mfuko wa kutunza barabara, kila upande ukidai ndio unaostahili kuzitumia. Mwenye Vitz hajali ni nani anashika kalamu ya kutia sahihi. Anataka mtaro uchimbwe kabla ya changarawe kumwagwa, kwa sababu changarawe isiyo na mtaro huoshwa na mvua ya msimu mmoja.

Kwenye kodi, kinachonisumbua ni jinsi watunga sera wetu wanavyomsahau mtu huyu kila wanapokaa mezani. Desemba 2015 Sheria ya Ushuru wa Bidhaa iliacha asilimia na kuweka kiasi kimoja kwa wote: shilingi 150,000 kwa gari la chini ya miaka mitatu, na 200,000 kwa gari lililozidi umri huo. Gari la kifahari likapata nafuu, Vitz ya mitumba ikapanda bei. Ilichukua hadi mwaka uliofuata kurejesha asilimia 20. Ikaja 2024. Mswada wa Fedha ulipendekeza kodi ya kila mwaka ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari, isiyopungua shilingi 5,000 wala kuzidi 100,000. Maana yake ni kwamba Nissan March kuukuu ya shilingi 150,000 ingelipa zaidi ya asilimia 3 ya thamani yake, na gari la milioni 10 lingelipa asilimia 1. Pendekezo hilo liliondolewa Juni, na mswada wenyewe ukaangushwa na maandamano ya vijana. Lakini liliandikwa, likachapishwa, likatetewa, na halitakuwa la mwisho.

Viongozi wenyewe walipotakiwa kupanda magari madogo mambo yalikuwa mengine. Mwaka 2009 Uhuru Kenyatta, akiwa Waziri wa Fedha, aliamuru mawaziri warudishe magari makubwa ya serikali, wakanunuliwa Volkswagen Passat za cc 1800. Kwa mwalimu wa Khwisero hilo ni gari kubwa. Baadhi ya mawaziri walilikataa waziwazi, na baada ya miaka michache misafara ya magari makubwa ilikuwa imerudi barabarani kana kwamba hakuna amri iliyowahi kutolewa. Kiongozi anayesafiri juu ya tairi pana za gari la tani mbili na nusu hasikii tuta, hasikii shimo. Angefika Navakholo akiwa ndani ya Passo mara moja kwa mwezi, bajeti ya mitaro ingepitishwa bila mjadala mrefu.

Sasa nije kwenye lawama ambazo ni za gari lenyewe.

Ya kwanza ni uzito. Alto ya kisasa haifiki kilo 700, Vitz inakaribia tani moja. Barabara kuu ya A1, inayotoka Kisumu ikapita Mbale, Kakamega na Malava hadi Webuye na Kitale, ina mabasi, malori ya masafa marefu na matrekta ya miwa. Vyombo viwili vikigongana ana kwa ana, kile chepesi ndicho kinachorushwa nyuma, na waliomo ndio wanaopokea sehemu kubwa ya pigo. Mkanda na mifuko ya hewa huokoa wengi lakini haviifuti hesabu hiyo. Nchi hii huzika zaidi ya watu 4,000 wa ajali za barabarani kila mwaka. Usiku hali ni mbaya zaidi. Trela la miwa lisilo na taa wala viakisi mwanga, limesimama au linatambaa gizani upande wa Kabras, halionekani hadi umelifikia, na pua fupi ya gari dogo huingia chini yake hadi mzigo unakutana na kioo cha mbele. Kama huna dharura, usiendeshe gari dogo katika barabara hiyo baada ya giza kuingia. Lala ulikofika. Mazishi yatakungoja asubuhi.

Ya pili ni nguvu. Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, Kakamega imepita 1,500. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za mwinuko, kwa hiyo nguvu za farasi 70 zilizoandikwa Japani hapa kwetu zimebaki kama 60. Ukipandisha kilima cha Riat na watu wanne, ukajaribu kupita lori, utagundua katikati ya safari kwamba gari haliji. Uamuzi wa kupita lori katika gari la cc 1000 unahitaji nafasi maradufu ya ile unayodhani, na subira ambayo madereva wa matatu walio nyuma yako hawatakupa.

Ya tatu inatuhusu sisi zaidi kuliko chuma. Gari likiingia katika boma letu huwa la ukoo. Mjomba anasimama mlangoni na kusema, "Mwanangu, tubanane tu, si mbali," na ni nani atamwacha mjomba? Nyuma wanaingia wanne, mbele shangazi amempakata mtoto, buti limejaa ndizi na gunia la mahindi. Japani huhesabu abiria mmoja kuwa kilo 55 wanapopima uzito wa gari likiwa limejaa, yaani watu watano ni kilo 275, na Vitz imeidhinishwa kwa kiasi hicho. Watu wazima watano wa kwetu pamoja na gunia la kilo 90 wanapita kilo 400 bila shida. Breki, shoki na tairi zote zinafanya kazi nje ya mpaka wake, na mara nyingi kwenye mteremko wenye utelezi. Heshima kwa wazee haivunjwi kwa kurudi safari ya pili. Mwambie mjomba kwa upole kwamba utamrudia, kisha umrudie kweli.

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi katika yadi za magari. Mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata, iliyofungwa katika magari mengi ya Japani ya miaka ya 2000 na baadaye, Vitz na Honda Fit zikiwemo, ilirudishwa viwandani kwa mamilioni duniani kote kwa sababu kemikali iliyomo huharibika kwa joto na unyevu, na mfuko ukilipuka hurusha vipande vya chuma. Kakamega haina uhaba wa joto wala wa unyevu. Nakili namba ya chesisi na uiangalie katika tovuti ya mtengenezaji kabla ya kulipa. Na ukishanunua, hakikisha fundi anayebadilisha mafuta ya gia anatumia yale yaliyoandikiwa gia za CVT. Ya kawaida huiua gia hiyo polepole, na bei ya gia nyingine inaweza kumrudisha mtu Sacco.

Nimesikia hoja kwamba kila mtu akinunua kagari, mji utaziba. Ni kweli saa kumi na moja jioni tayari pameanza kubana karibu na stendi, na kwa safari za ndani ya mji bodaboda au miguu inatosha. Lakini muuguzi anayetoka zamu usiku na kurudi kijijini hapati matatu, na Probox ya abiria ya mwisho iliyopo imejaza hadi buti. Siwezi kumwambia apande pikipiki gizani ili mji usibanane.

Ninachoitaka kaunti na mashirika ya barabara ni kidogo na kinawezekana. Matuta yawe na kimo kimoja kinachojulikana, yapakwe rangi, na yale ambayo wakazi wamejijengea kwa mawe na udongo yaondolewe au yajengwe upya. Mitaro ichimbwe kwanza. Na miwa isisafirishwe gizani na trela lisiloonekana. Kwa hili la mwisho hatuhitaji hata kungoja sheria mpya, kwa sababu kila trekta la miwa hupita kwenye mizani ya kiwanda kabla ya mkulima kulipwa. Kiwanda kikikataa kupima mzigo wa trela lisilo na viakisi mwanga nyuma na ubavuni, wenye matrekta watavinunua wiki hiyo hiyo.